Kizungu Hakina Mama Hapa

Kwanza ulikuja mlio. Nilikuwa bado barabarani, malori ya kwenda Uganda yamepanga foleni na injini zao zinanguruma, na nyuma ya ukuta nikasikia chuma kikigonga karatasi: ta, ta-ta, ta. Kisha kimya. Kimya kirefu hata nikadhani aliyekuwa akipiga ameinuka akaenda zake. Halafu ta moja tu, nzito, kama msumari wa mwisho, na kengele ndogo ikalia.

Nilikuwa nimekuja kuangalia nusu ya chumba. Mwenye nyumba alinieleza kwamba nusu ya pili ina mama mmoja wa makamo ambaye hahami na hasumbui mtu. La kwanza lilikuwa kweli.

Busia nzima, upande wetu wa mpaka, ilimwita Sekretari. Hakuwa na bosi, na sikumbuki kama aliwahi kuwa naye. Alikuwa na mashine ya taipu ya rangi ya kijani, meza, kigoda cha miguu mitatu cha wateja, na mlango ambao haukufungwa mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua na hati za kiapo kwa Kiingereza: madereva, akina mama wauza dagaa wa omena, wafugaji wa Kiteso kutoka Malaba, wazee wa Budalang'i walioamka wakakuta mto Nzoia umelala nao kitandani. Mpakani kila ofisi inataka karatasi, na karatasi inataka Kizungu. Mimi nikaweka mashine ya fotokopi na kompyuta upande wangu, tukaishi hivyo miaka sita, mgongo kwa mgongo, yeye akisema kompyuta yangu inapiga chapa kama mtu anayenong'ona uongo.

Alikuwa na utaratibu wake, na haukuvunjwa na yeyote. Mteja akiingia, alikuta mashine imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua ya bluu pembeni. Kitambaa hakikuondoka mpaka mteja aeleze jambo lake lote kwa lugha ya kwao. Kizungu hakukipokea kabisa. Hata Kiswahili alikipokea shingo upande, kama alijua mtu ana lugha nyingine iliyolala chini yake. Yeye alikuwa na Kimarachi cha kwao Butula, Kisamia, Kiteso, Kijaluo cha sokoni, na Kiganda cha kutosha kugombana. Lugha asiyoijua, alisimama mlangoni akamwita mpita njia anayeijua, akamkalisha.

Ndipo alipofunua mashine na kupiga. Na alipomaliza, alifanya jambo ambalo wapiga taipu wengine wa mpakani walimcheka kwalo: alimsomea mteja karatasi nzima, akiirudisha kwenye lugha ile ile ya kwao, kituo kwa kituo, kabla kidole hakijagusa wino.

Mwezi wa kwanza nilimwuliza kwa nini anajichosha hivyo, na mtu ameshasema mwenyewe alichotaka.

"Kizungu hakina mama hapa," akasema. "Mtu anaweza kukidanganyia mchana kweupe na hakuna wa kumwangalia vibaya. Sasa mwambie arudie hilo neno kwa lugha ya mama yake. Angalia shingo."

Nikaanza kuangalia shingo. Kwa kweli ndiko uongo unakopita, ukimezwa.

Dereva mmoja wa lori la sukari alikuja akitaka barua ya kumpelekea tajiri wake Mombasa. Alikuwa ameitengeneza tayari kichwani: I was robbed. Sekretari hakugusa kitambaa. Alimwambia asimame aonyeshe.

"Lori lilikuwa wapi?"

"Hapo kwa foleni, mama."

"Simama penye lori." Dereva akasimama kando ya fotokopi yangu. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Akazubaa, kisha akajivuta hatua tatu kuelekea dirishani.

"Huko ni wapi?"

"Hotelini. Nilikuwa nakula, Sekretari. Mtu si lazima akule?"

"Ukarudi ukakuta magunia yamepungua."

"Ndio hivyo."

"Basi wewe hukuwa robbed, boss. Robbed, mwizi anakuangalia usoni. Wako aliangalia mgongo wako, wewe ukimeza supu ya matumbo. Sukari ndiyo ilikuwa stolen. Wewe uko mzima, tena umeshiba."

Dereva akambembeleza. Neno lile moja lingemwokoa, kwa sababu dereva aliyenyang'anywa ni shujaa na dereva aliyeibiwa akiwa anakula ni mzembe. Sekretari alimjibu kwamba ushujaa hugawiwa kwingine. Dereva akavuka barabara kwa mpiga taipu mwingine, akapata robbed yake kabla ya chai kupoa. Na mambo yakamnyookea! Sekretari hakulificha hilo. Mwaka uliofuata yule dereva alipewa lori jipya, na kila akipita alimpigia honi mara mbili, naye alimpungia mkono. "Uongo unaendesha gari, nani amekataa," aliniambia. "Mimi nimesema tu haupandi meza yangu."

Alifundisha bila kukusudia. Wanafunzi wa sekondari walikuja kutoa fotokopi kwangu, wakabaki kwake. Lend na borrow, ambayo iliwachanganya tangu darasa la tano kwa sababu nyumbani zote mbili ni kuazima, yeye aliimaliza kwa kuwapeleka mlangoni na kuwaonyesha geti la mpaka. "Umesimama Kenya. Kitu kikivuka kuja kwako, umeborrow. Kikivuka kwenda kwao, umelend. Ukichanganya, ushuru utatozwa pande zote mbili." Bring na take aliziweka kwenye geti lile lile. Mtu anayehama akawa emigrant akiangaliwa mgongo na immigrant akiangaliwa uso. "Ni mtu mmoja, na begi lake ni moja. Wewe angalia umesimama wapi." Nimenunua kamusi kubwa tangu siku hizo, na sijaona humo maelezo yanayoyashinda hayo.

Lakini Kiingereza cha mdomo hakikumkalia vizuri. Alikitamka kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima, polepole, akiogopa kuvichafua. Afisa mmoja kijana alimcheka waziwazi siku moja. Hakuona haya. "Mdomo wangu ni wa Butula," alimwambia. "Vidole ndivyo vilienda shule. Leta nikuandikie uone."

Na alikuwa mwongo. Ni lazima niseme, kwa kuwa yeye mwenyewe angenilaumu nikiacha. Kwa mdomo alidanganya kwa raha. Kila aliyeingia aliambiwa amenenepa, hata aliyetoka kulazwa hospitali ya Nangina wiki mbili. Simu ikilia alisema yuko njiani, anakaribia, huku ameshika kikombe. Nilipomchokoza kwamba mwalimu wa ukweli ana mdomo mchafu, alishangaa kweli. "Mdomo ni wa kusalimia watu, msichana wangu. Karatasi ndiyo ya kuapia."

Siku hizo nilikuwa nimeanza kuandika hadithi, nikampa ya kwanza aisome, nikitumaini sifa. Aliisoma kwa siku nne. Akaweka kidole kwenye mstari nilioupenda kuliko yote, ambapo mwanamke "alihisi huzuni ya ulimwengu".

"Aliiona ama aliisikia?"

Nikasema sijui.

"Hujui kwa sababu hukuwa hapo," akasema. "Na Kiswahili chako kinatembea na mwavuli wa Kizungu, na hata mvua hakuna." Nikanuna wiki nzima. Kisha nikaandika upya.

Kila siku saa saba mchana alifungua redio ndogo iliyokaa juu ya rafu, akainamisha kichwa, akasikiliza matangazo ya vifo. Majina yote, vijiji vyote, na yale yaliyotumwa kutoka ng'ambo. Yakiisha alizima kabla muziki haujaanza. Nilidhani ni tabia ya watu wa rika lake.

Habari ya redio niliielewa siku ya kwanza nilipomwona shemeji yake, ndugu wa mumewe. Alikuja kila mwaka baada ya mavuno, mzee mwenye koti la kijivu na bahasha ya kaki, akamwita shemeji kwa upole, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Mume wa Sekretari alikuwa amevuka mpaka asubuhi moja kwenda Tororo kununua vipuri vya baiskeli, akasema atarudi kabla ya jua kuzama, na hakurudi. Binti yao wakati huo alikuwa ananyonya. Sasa binti ana watoto wawili wanaosoma, na amejenga kwenye shamba la baba yake Butula, shamba ambalo hati yake ingali na jina la yule aliyevuka. Hakuna aliyeweza kulirithi wala kuligawa. Na watoto wa shemeji walikuwa wameanza kulima mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya binti.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kiapo kilichoandikwa tayari kwa Kiingereza kizuri, kikisema kwamba mume alifia Tororo na mke alikuwepo kwenye maziko. Shemeji alishatafuta hata shahidi wa huko wa kukiunga mkono. Sekretari akitia sahihi, kesi ya urithi ingekwisha haraka, shemeji angepata upande wake na binti angebaki na wake, kwa hati yenye jina lake.

"Ni kidole tu, shemeji," alisema yule mzee.

"Ni kidole changu," alijibu Sekretari, akamwekea chai.

Binti naye alimsihi. Nilimsikia kwa simu, sauti ikitoka nje ya simu kwa ukali: mama anawaandikia watu wote, mtoto wake ndiye anamnyima. Kilichonishangaza ni kwamba njia nyingine ilikuwepo, na Sekretari aliijua kuliko mawakili. Aliwaandikia wajane wengi. Mtu asiposikika miaka saba na wale ambao wangepaswa kusikia habari zake, mahakama inaweza kumhesabu kuwa amekufa. Ni njia ndefu, na inamtaka mke asimame aseme aliyoyafanya kumtafuta. Kwa wengine aliipiga bila kukosea. Yake hakuipiga. Bahasha ya shemeji aliiweka kwenye droo, juu ya zile za miaka iliyopita.

Nilipata ujasiri wa kumgusia mara moja tu, siku ambayo mama wa Budalang'i alikuja kuripoti ng'ombe waliochukuliwa na maji. Sekretari alimwuliza kama ni lost au missing, akamfafanulia kwa Kisamia. Kilicho lost, hujui kilipo, basi. Kikiwa missing, kuna mtu amehesabu akaona nafasi tupu. Yule mama akafikiri akasema alihesabu kila jioni. Ikaandikwa missing. Alipoondoka nikauliza, "Na mzee wako, Sekretari?"

Akatandaza kitambaa juu ya mashine. "Funika na wewe yako," akasema. "Leo tumefanya kazi."

Dakika chache baadaye, kana kwamba ananilipa kwa kunikatalia, alinieleza jambo ambalo hakulirudia tena. Alipoanza kazi hakuwa akiwasomea wateja. Alikuja mama wa Kiteso, kutoka ndani ndani huko Malaba, ambaye mwanawe alimkuta mwendesha baiskeli amegongwa na gari lililokimbia, akambeba mpaka hospitalini. Mama alitaka kuwapa pole jamaa za majeruhi. Mvua ilikuwa inakuja. Sekretari akapiga haraka, my son is very sorry for what happened, mama akabonyeza kidole, wakaachana. Sisi huku tunamwambia sorry hata mtu aliyejikwaa peke yake. Barua ile ilisomwa na watu waliotafuta wa kumlaumu, wakaona ni ungamo, wakaipeleka kituoni. Kijana akalala ndani wiki nyingi, mpaka majeruhi alipopata nguvu ya kusema ni nani aliyemgonga.

"Yule mama alirudi, akakaa hapo," Sekretari akasema, akionyesha kigoda. "Hakunitusi. Aliniuliza tu, ulinisomea?"

Mlango nao ulikuwa na desturi yake. Ulishikiliwa wazi na bakuli la breki la lori, chuma kizito cheusi kilichookotwa barabarani. Vumbi liliingia, moshi wa malori uliingia, mvua ya Aprili iliingia mpaka kwenye karatasi zangu. Nikisukuma mlango, alisema bila kugeuka, "Acha mlango." Mara alisema ni hewa, mara ni wateja, mara bawaba zimelegea. Kutoka kwenye kiti chake, mlango ukiwa wazi, mtu aliona geti la mpaka lote na kila uso unaotoka Uganda.

Kisha macho yakaanza kufifia. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja, upande wa pili ukabaki na ukungu. Alianza kugonga herufi za jirani, akazifuta kwa hasira, akazigonga tena. Siku moja alinifundisha kusoma karatasi kwa mteja, akiwa ameketi pembeni akinirekebisha kama mkaguzi. Wiki iliyofuata alirudi Butula kwa binti yake. Mashine aliiacha mezani, na kitambaa juu yake. Chuma cha breki nacho kilibaki, na mimi, kwa mazoea tu, niliendelea kuuacha mlango wazi.

Mwaka jana, wakati watu wanapalilia mahindi, alitokea asubuhi, amevaa viatu vya kanisani, ameshika bahasha ya kaki. Nilimwambia amenenepa. Akacheka, akasema nimekuwa mwongo mzuri.

"Nimekuja kama mteja," akasema. "Hii ni ya zamani, imeliwa na panya. Ipige upya, uweke tarehe ya leo. Wakili wa kuapisha ananingoja huko juu."

Nilisoma. Ilikuwa ile ile ya shemeji. Nikanyoosha mkono nikatoa kitambaa juu ya mashine yake, nikafunika kompyuta.

"Karibu kigodani, Sekretari. Nieleze."

"Unajua habari yote. Piga."

"Sijaisikia kwa mdomo wako."

"Una kiburi, msichana."

"Nilifundishwa na mtu."

Alikaa. Alisema tu kwamba watoto wa shemeji wameng'oa ua wa binti, kwamba amechoka, kwamba ni Kizungu tu, ukurasa mmoja na nusu. Mteja akikataa katakata kueleza, yeye mwenyewe alikuwa akimpigia karatasi, akijua bado kuna kusoma. Nikafanya vivyo hivyo. Nilifunua kompyuta, nikapiga kila neno kama lilivyo, nikatoa karatasi ikiwa bado na joto, nikaanza kumsomea. Mimi ni Msamia wa upande wa Nangina. Kisamia changu na Kimarachi chake ni ndugu wa tumbo moja. Nilimwambia kwa lugha hiyo kwamba yeye, mke wa fulani, anaapa mbele ya Mungu kuwa mumewe alikufa. Kwamba alikuwepo. Kwamba alimwona akishushwa kaburini.

Niliinua macho nikaangalia shingo yake.

"Rudia hapo pa kaburi," akasema.

Nikarudia.

"Udongo wake ulikuwa mwekundu ama mweusi?"

"Sijui, Sekretari. Karatasi haisemi."

"Nani aliimba? Mimi nilisimama wapi?" Alikuwa anauliza kwa sauti ile ile aliyomwuliza dereva wa sukari. Akainuka kabisa, akasimama katikati ya chumba, akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kusimama penye kaburi. Hapakuwepo. Akarudi akakaa.

"Chana," akasema.

Nikachana. Ndipo aliponieleza, kwa Kimarachi, mpaka saa sita. Wiki ya kwanza alivuka kila siku na mtoto mgongoni, akiuliza kwenye kila duka la vipuri. Baadaye aliwauliza wafanyabiashara wa Tororo, mmoja mmoja, kwa miaka, akiwaandikia barua zao bure ili waulize tena huko. Redio. Mlango. Hakulia, na sauti haikutetemeka. Aliongea kama mtu anayetoa ushahidi, na mimi niliandika kama nimeketi mahali pake. Mume wangu alitoka. Nilimtafuta hapa na hapa. Waliopaswa kusikia hawajasikia. Mwishoni akasema niongeze mstari: simngoji tena.

"Hilo mahakama haitalihitaji," nikamwambia.

"Mimi ndio nalihitaji. Andika."

Nikaandika. Nikamsomea tena yote, na safari hii shingo yake haikumeza kitu. Nikamkumbusha kwamba njia hii ni ndefu, na shemeji atakasirika.

"Akasirike. Hii nitaisema kortini hata kwa lugha ya mama yangu, na waniulize wanavyotaka." Alikataa kalamu, ingawa sahihi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Akachovya kidole kwenye wino, kama wateja wake wote, akakibonyeza mbele ya macho yangu, kisha akakumbuka kwamba hiyo ilipaswa kufanyika mbele ya wakili, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikampigia nyingine, safi. Akaikunja, akaitia kifuani.

Mlangoni alisimama kidogo. Foleni ya malori ilikuwa imefika mpaka kwetu, na nyuma yake watu walikuwa wakivuka geti, wakija, wakienda. Hakuwatazama nyuso. Alikisukuma kile chuma cha breki kwa ncha ya kiatu cha kanisani, mara ya kwanza kikagoma, mara ya pili kikaviringika pembeni. Akatoka, akashika mlango kwa nje, akauvuta ukafungika nyuma yake.